Kofia na Kiambishi: Wanyama-Watu wa Katuni za Kale mbele ya Sarufi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Fasihi ya picha haijapewa nafasi ya kutosha katika uhakiki wa Kiswahili. Riwaya, tamthilia na ushairi vina wahakiki wake. Methali na vitendawili vimekusanywa na kuchambuliwa tangu zamani. Katuni, kwa upande wake, imeachiwa watoto na wauza magazeti. Na katika katuni zenyewe, zinazodharauliwa kuliko zote ni zile za wanyama wa kuchekesha: bata aliyevaa koti la baharia, sungura anayeruka angani, paka anayetupiwa tofali kichwani na kulipokea kama zawadi. Msomaji mwenye haraka husema kwamba huo ni upuuzi wa kitoto uliokwisha wakati wake.

Makala haya yanapinga hukumu hiyo, na yanaipinga kwa njia ya isimu. Hoja yetu ni kwamba mvuto wa katuni hizi, pamoja na uajabu wake wote, unatokana na mpaka usiotulia kati ya mtu na mnyama. Wachoraji wa Marekani na Ulaya waliuonyesha mpaka huo kwa mavazi: kofia, glavu, suruali au kutokuwapo kwa suruali. Kiswahili kinao mpaka huohuo, lakini kimeuweka mahali pengine, yaani katika upatanisho wa kisarufi. Kwa hiyo anayetaka kuzihakiki katuni hizi kwa Kiswahili, na zaidi anayetaka kuzitafsiri, hana budi kuanzia katika viambishi.

Jambo hili si mchezo wa wanaisimu peke yao. Mtoto wa Kasugho, katika wilaya ya Lubero, hukua akisema Kinande nyumbani, hukikuta Kifaransa shuleni, na hukisikia Kiswahili sokoni, kanisani, redioni na barabara ya kwendea Butembo. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Hata hivyo, kitabu cha picha cha kumfurahisha mtoto huyo katika lugha hiyo ni kitu adimu. Ikiwa siku moja vitabu hivyo vitapatikana, uamuzi mdogo wa mfasiri juu ya kiambishi kimoja utaamua kama kicheko kitavuka mpaka au kitabaki upande wa pili.

2.0 Wanyama hao ni akina nani?

Kabla ya kuendelea, yafaa tuwatambulishe wahusika. Mwaka 1913 George Herriman alianza kuchora katika magazeti ya Marekani mfululizo wa Krazy Kat, aliouendeleza hadi alipofariki mwaka 1944. Kisa chake ni kilekile kila siku: paka Krazy anampenda panya Ignatz, panya anamtupia tofali, paka analichukua tofali kuwa ishara ya mapenzi, mbwa askari, ambaye naye anampenda paka, anamtia panya gerezani. Katika Ufaransa, Benjamin Rabier alimtoa bata wake Gédéon mwaka 1923.

Kilele cha aina hii kilifika katika miaka ya 1940, wakati vijitabu vya katuni vilipouzwa Marekani kwa senti 10. Walt Kelly alimwanzisha Pogo, mnyama wa kinamasi cha Okefenokee, mwaka 1941. Mwezi Desemba 1942 kampuni ya Fawcett ilitoa toleo la kwanza la Fawcett's Funny Animals, ambamo alizaliwa Hoppy, sungura anayetamka neno moja la ajabu na kugeuka shujaa mwenye nguvu zisizo na kifani. Carl Barks, aliyewachorea akina Donald kwa miaka mingi bila jina lake kuandikwa, alimbuni bata tajiri Uncle Scrooge katika hadithi ya Krismasi ya mwaka 1947. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jarida la Walt Disney's Comics and Stories lilikuwa likiuza takriban nakala milioni 3 kwa toleo moja.

Ulaya ya Kifaransa nayo ilikuwa na wake. José Cabrero Arnal, Mhispania mpenda jamhuri aliyepitia kambi ya mateso ya Mauthausen, aliwachora dubu Placid na mbweha Muzo mwaka 1946, kisha mbwa Pif mwaka 1948. Raymond Macherot wa Ubelgiji alimleta Chlorophylle, mnyama mdogo wa jamii ya panya, katika jarida la Tintin mwaka 1954. Yafaa tusimame kidogo kwa Arnal. Mtu aliyeona wanadamu wakitendewa kuliko wanyama wanavyotendewa alitoka kambini na kuanza kuwachora wanyama wanaotendeana kama wanadamu wema. Asemaye kwamba kazi ya namna hiyo haina dhamira hajaisoma.

Aidha, asili ya baadhi ya wahusika hawa si ngeni kwetu. Mwaka 1880 Joel Chandler Harris alichapisha Marekani hadithi za Brer Rabbit alizozisikia kwa watu weusi waliokuwa wametoka katika utumwa. Miongoni mwake imo hadithi ya sungura aliyenasa katika sanamu ya lami. Kisa cha mnyama mwerevu anayenaswa kwa ulimbo, mara nyingi penye kisima alichokataa kuchimba pamoja na wenzake, kinajulikana katika jamii nyingi za Kibantu. Mwaka 1901 George Bateman naye alichapisha hadithi za Zanzibar, na humo yumo Sungura akimdanganya Simba. Hivyo, mwanafunzi wetu anayefungua kijitabu cha zamani na kumkuta sungura mdogo akimcheza shere mnyama mkubwa hakutani na mgeni. Anakutana na ndugu aliyevushwa bahari kwa nguvu na kurudi amevaa glavu.

3.0 Kofia ya mchoraji

Katika michoro hii, mavazi ndiyo sarufi. Mfano ulio mashuhuri ni ule wa mbwa wawili wa Disney. Goofy ni mbwa. Pluto pia ni mbwa. Goofy anavaa kofia, anasimama kwa miguu miwili, anasema na kuendesha gari. Pluto anatembea kwa miguu minne, amevaa ukanda wa shingoni, na bwana wake ni panya. Hakuna sheria ya maumbile inayoeleza tofauti hiyo. Mchoraji amempa mmoja kofia na mwingine ukanda, basi.

Donald yuko katikati. Ana koti na kofia ya baharia, lakini hana suruali, na hakuna mtu mjini mwake anayeshangaa. Hoppy naye, akiwa shujaa, huvaa joho juu ya manyoya yake. Macherot aliuchezea mpaka huu kwa ustadi mkubwa zaidi. Katika visa vya kwanza, Chlorophylle anaishi porini bila nguo na kupigana na panya weusi wa Anthracite kwa ajili ya ghala na mashimo. Baadaye anafika kisiwa cha Coquefredouille, ambako wanyama wana mfalme, magari, polisi na magazeti, na huko naye anavaa nguo. Mhusika ni yuleyule. Kilichobadilika ni kiasi cha utu ambacho jamii inayomzunguka imemkubalia.

Hapa ndipo ulipo uzuri wa ajabu wa katuni hizi. Msomaji haambiwi kamwe kama anayemwona ni mtu mwenye sura ya bata au bata mwenye tabia ya mtu. Kicheko hutokea kila mara mizani inapoinama upande mmoja bila taarifa. Katuni mbaya za aina hii, nazo zilikuwa nyingi, ni zile zilizousahau mpaka huo. Wakati wa mauzo makubwa, wachapishaji wengi waliiga kwa haraka. Wakachukua kisa chochote cha watu, wakabandika masikio marefu na mikia, wakauza. Katika kazi hizo mtu anaweza kuyafuta masikio yote na kisa kisipungue kitu. Huo ndio mtihani tunaopendekeza kwa mhakiki: ikiwa unyama wa mhusika unaweza kuondolewa bila hasara, katuni hiyo ni dhaifu.

4.0 Kiambishi cha msimulizi

Tuje sasa kwenye Kiswahili. Katika Kiswahili Sanifu, jina la kiumbe chenye uhai hupatanishwa katika ngeli ya A-WA, hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Tunasema “kiboko mkubwa amelala”, wala si “kiboko kikubwa kimelala”, ikiwa tunamkusudia mnyama na si mjeledi. Kwa maneno mengine, Kiswahili Sanifu kimekwisha kumpa mnyama kiambishi cha mtu kabla mchoraji hajashika kalamu. Sungura wa Kiswahili hahitaji kofia. “Sungura akamwambia Simba” ni sentensi iliyokamilika, na kiambishi a- kimewavika nguo wote wawili.

Faida yake huonekana mara moja katika Krazy Kat. Herriman hakutaka kuamua kama Krazy ni wa kiume au wa kike. Mara alimwita hivi, mara vile. Mfasiri wa Kifaransa analazimika kuchagua karibu katika kila sentensi. Mfasiri wa Kiswahili halazimiki. “Anampenda, naye anamtupia tofali”: fumbo lote limehifadhiwa, na wala hakuna aliyejitahidi. Ni mara chache lugha moja kuwa tayari kiasi hicho kuipokea kazi iliyozaliwa katika lugha ya mbali.

Lakini faida hiyo ina gharama. Ikiwa kila mnyama ni A-WA, tofauti ya Goofy na Pluto itaonyeshwaje? “Goofy anamwita Pluto, naye anakuja” ni sentensi inayowasawazisha. Kiswahili Sanifu kinayo njia ya udogo na ukubwa: “kijibwa kile kimekuja” au “jibwa lile limekuja”. Hapo kiambishi cha A-WA kinaondolewa, na pamoja nacho heshima. Hata hivyo njia hii hubeba dharau au hofu, na Pluto hadharauliwi wala haogopwi. Anapendwa, ila kwa namna anavyopendwa mbwa.

Hapa Kiswahili cha kwetu kina la kusema. Katika mazungumzo ya Butembo, Beni na vijiji vyake, majina ya wanyama husikika mara nyingi katika ngeli ya I-ZI: “ile mbwa inalala”, “mbuzi yangu imepotea”. Mwalimu husahihisha kwa kalamu nyekundu, na katika mtihani ana haki. Lakini isimu haina kalamu nyekundu. Kazi yake ni kueleza. Katika lugha nyingi za Maziwa Makuu, Kinande kikiwamo, jina la mnyama hufuata ngeli yake lenyewe. Msemaji wa Kinande anapozungumza Kiswahili haivunji sheria kwa uvivu. Anaendelea na sheria nyingine. Na msemaji huyohuyo, jioni anapowasimulia watoto hadithi, hasemi “sungura ikasema”. Husema “Sungura akasema”. Mbuzi wa zizini ni i-, Sungura wa hadithi ni a-. Hivyo msimulizi wa kijijini ana mikononi mwake chombo ambacho Kiswahili Sanifu kimekipoteza: anaweza kumvika mnyama utu na kumvua, kwa kiambishi kimoja.

Fikiria basi ukurasa mmoja ambapo “Goofy anavaa kofia yake” na chini yake “Pluto inatikisa mkia”. Msomaji wa Butembo ataelewa bila maelezo. Fikiria tena Chlorophylle akiwa porini katika ngeli moja na akivuka kwenda Coquefredouille katika ngeli nyingine. Mchoraji alibadilisha nguo. Mfasiri angebadilisha upatanisho. Hatupendekezi kwamba shule ziache Kiswahili Sanifu. Tunapendekeza kwamba maelezo ya msimulizi yaandikwe kwa Kiswahili Sanifu, na maneno yaliyomo ndani ya viputo, yatokayo vinywani mwa wahusika, yaruhusiwe kusikika kama yanavyosikika barabarani. Kelly alifanya hivyo katika Pogo: wanyama wa kinamasi wanasema Kiingereza cha kusini kilichopindwa na kuchezewa, na nusu ya ucheshi wake imo humo. Wakati seneta McCarthy alipokuwa akiwatisha watu Marekani, Kelly alimwingiza kinamasini mwaka 1953 akiwa paka-mwitu mwenye jina la Malarkey. Mnyama anayesema lugha ya kijijini alimkabili mwanasiasa mkubwa, na lugha hiyo ndiyo iliyompa ujasiri.

5.0 Mjomba ni nani?

Suala la pili la kiisimu ni la majina ya undugu. Ariel Dorfman na Armand Mattelart, katika uhakiki wao uliotoka Chile mwaka 1971, waligundua kwamba katika dunia ya Donald hakuna baba wala mama, bali wajomba na wapwa tu. Kwao hiyo ilikuwa dalili ya itikadi: mamlaka bila uzazi, amri bila malezi. Uhakiki wao una uzito, lakini uliandikwa katika lugha ambazo neno moja humaanisha ndugu wa baba na ndugu wa mama. Kiswahili hakikubali ulegevu huo. Mfasiri lazima aulize: Donald ni baba mdogo, au ni mjomba?

Jibu linapatikana katika katuni zenyewe. Wapwa watatu, walioletwa mwaka 1937, huhesabiwa kuwa watoto wa dada yake Donald. Naye Scrooge, kwa mujibu wa nasaba iliyochorwa na Don Rosa mwaka 1993, ni kaka yake mama yake Donald. Kwa hiyo ni wajomba mara mbili mfululizo. Kwa msomaji wa Kiswahili mahusiano haya si utupu, kama Dorfman na Mattelart walivyoona. Mjomba katika jamii zetu nyingi ana nafasi yake inayojulikana: anadaiwa msaada, anataniwa, anaombwa. Mjomba tajiri asiyetoa hata senti ni kichekesho kwetu kabla hajafungua kinywa. Anayeogelea katika fedha zake mbele ya wapwa wenye njaa amekwisha kuhukumiwa.

Katika Kongo neno hili lina tabaka moja zaidi. Noko, yaani mjomba kwa Kilingala, ndilo jina la utani ambalo Wakongo wamewaita Wabelgiji. Kumwita Scrooge noko katika kiputo kungetosha kuamsha historia nzima. Na historia hiyo imo katuni mwenyewe mkiitafuta. Katika hadithi ya Barks iitwayo “Voodoo Hoodoo” ya mwaka 1949, inasimuliwa kwamba Scrooge katika ujana wake alikwenda Afrika, akawafukuza wanakijiji kwa kukodi wahuni ili apate ardhi ya shamba la mpira. Mganga wa kijiji akamtuma mfu anayetembea ili alipize kisasi, na laana ikamwangukia Donald kwa sababu ya kufanana na mjomba wake.

Hadithi hii inatuweka katika njia panda. Waafrika wake wamechorwa kwa midomo na mapambo ya kudhalilisha, kiasi kwamba matoleo ya baadaye yalibadilisha baadhi ya picha. Hapo hatuna sababu ya kumtetea Barks. Katika mji ambao bata ni raia, mbwa ni polisi na hata mwizi ni mtu mwenye masikio ya mnyama, Mwafrika peke yake ndiye aliyekosa kofia. Mchoraji aliyewapa wanyama utu aliwanyima watu. Lakini kisa chenyewe kinasema kwamba mali ya mjomba ilitoka katika ardhi ya wizi, na kwamba deni hilo linamfuata hadi kwa mpwa asiye na hatia. Msomaji wa nchi ya mpira hahitaji kufundishwa maana yake. Kwa maoni yetu, hadithi hii isisomwe na watoto bila mwalimu, wala isifichwe kwa wanafunzi wa chuo. Ni mfano bora wa kazi ambayo fani yake inasaliti maudhui yake.

6.0 Rafu yetu wenyewe

Yawezekana kuuliza kama Kiswahili hakina wanyama-watu wake hata tukawatafute mbali. Kinao. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, alisimulia habari za ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kuwa manyani na kuchapwa viboko kila usiku na ndugu yao. Kisa chote kinasimama juu ya swali letu: anayechapwa ni mnyama au mtu? Mwaka 1967 Fortunatus Kawegere alitoa Shamba la Wanyama, tafsiri ya kitabu cha Orwell, na wasomaji wa Afrika Mashariki wakawaona nguruwe wakijifunza kutembea kwa miguu miwili. Wote wawili waliufahamu mpaka tunaouzungumzia.

Katika katuni, hata hivyo, mambo yalikwenda kinyume. Katuni mashuhuri za Kiswahili ni za watu, na mnyama ameingia katika jina tu. Katuni ya Edward Gitau iliyosomwa kwa miongo mingi nchini Kenya iliitwa Juha Kalulu: kalulu ni sungura katika lugha kadhaa za Kibantu, lakini Juha ni mtu. Katika jarida la Sani la Tanzania alikuwapo Pimbi, naye ni mtu mwenye jina la mnyama. Katika Kinshasa, Jeunes pour Jeunes, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilichora askari, vijana wa mjini na wahuni. Inaelekea kwamba mji ulipoingia katika katuni zetu, Sungura alibaki kijijini pamoja na bibi. Msomaji wa mjini alitaka kujiona mwenyewe, na hilo linaeleweka. Lakini hasara ilikuwapo: utanzu ambao sarufi yetu ilikuwa imeuandalia kiti uliachwa bila mgeni.

7.0 Amani amerudi, amani imerudi

Kasugho ina sababu yake ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Karibu na hifadhi ya Tayna kipo kituo cha GRACE, ambako kuanzia mwaka 2010 wamehamishiwa gorila yatima wa jamii ya Grauer, waliookolewa mikononi mwa majangili na wafanya biashara. Gorila hao hawapatikani porini popote duniani isipokuwa mashariki ya Kongo, na tangu mwaka 2016 wamewekwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Lugha yenyewe inasitasita juu yao na jamaa zao: Kiswahili Sanifu humwita sokwe wa jamii ndogo zaidi “sokwe mtu”, kana kwamba kamusi nayo imemvika kofia.

Katuni za kale ziliwapenda gorila kupita kiasi. Mwaka 1951 mhariri mmoja wa Marekani aliona kwamba toleo lenye gorila kwenye jalada liliuzwa vizuri, na tangu hapo gorila wakajaa majaladani. Mwaka 1959 mhusika aitwaye Congo Bill alipewa pete ya kubadilishana akili na gorila wa rangi ya dhahabu. Jina la nchi yetu lilitumika, na gorila wetu pia, bila mmoja wao kuulizwa. Katuni hizo huchekesha, lakini zinakosea katika jambo moja la hatari. Gorila aliyevaa suruali humfundisha mtoto kwamba nafasi ya mnyama huyo ni sebuleni. Watoto wa gorila walioko Kasugho ni yatima kwa sababu watu wazima waliamini jambo la namna hiyo, au waliwauzia walioamini.

Je, basi, katuni ya gorila wa Kasugho ichorwe vipi? Sarufi inatoa njia ambayo nguo haitoi. Gorila wa kituo hicho hupewa majina, na miongoni mwa majina yaliyowahi kutolewa yamo Pinga, Mapendo na Amani. Pinga ni jina la mahali. Mengine ni majina ya dhana. Tazama kinachotokea katika upatanisho. “Amani imerudi” ni habari ambayo wakazi wa Beni na Lubero wameisubiri kwa miaka mingi, na wameahidiwa mara nyingi. “Amani amerudi” ni gorila aliyeingia porini asubuhi na kurejea jioni. Kiambishi kimoja kinatenganisha siasa na msitu, na msomaji wa hapa hawezi kuisikia sentensi moja bila kuikumbuka nyingine. Mchoraji hana haja ya kumvisha Amani kofia. Amchore kama alivyo, kwa mikono minne na manyoya, katika majani. Kiambishi a- kitafanya kazi iliyobaki. Mtoto atajifunza kwamba kiumbe anaweza kupewa heshima ya A-WA bila kulazimishwa kuwa mtu.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katuni za kale za wanyama wa kuchekesha hustahili uhakiki, kwamba ubora wake hupimwa kwa jinsi zinavyoulinda mpaka kati ya mtu na mnyama, na kwamba Kiswahili, hasa Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kina vyombo vya kuupokea mpaka huo ambavyo lugha za asili za katuni hizo hazina. Tumeonyesha pia kwamba si kila kilicho cha zamani ni chema.

Limebaki suala la kazi. Vijitabu vingi vya Marekani vilivyotoka kabla ya mwaka 1964 havikusajiliwa upya katika mwaka wake wa 28 kama sheria ya huko ilivyotaka, na hivyo haki zake huko zimekwisha. Vya Disney havimo katika kundi hilo, na kila kimoja hakina budi kuchunguzwa peke yake, pamoja na sheria ya nchi yetu ya mwaka 1986 kuhusu haki za watunzi. Hata hivyo, vilivyo huru vinatosha kwa miaka mingi ya mazoezi. Idara ya Kiswahili isiyo na fedha za kununua vitabu inaweza kuchukua kurasa nane za sungura aliyesahauliwa, kuwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu, na kuwaamuru watafsiri mara mbili: mara ya kwanza kwa A-WA pekee, mara ya pili kwa kuzichanganya ngeli kama msemaji wa Butembo azichanganyavyo. Kisha tafsiri zote mbili zisomwe mbele ya watoto wa shule ya msingi. Mahali watoto watakapocheka ndipo pa kuandikwa katika daftari, kwa kuwa hapo sarufi itakuwa imejieleza yenyewe kuliko makala haya yalivyoweza kuieleza.